Mazoezi ya majira ya kuchipua (besiboli)

Mazoezi ya majira ya kuchipua ni kipindi cha kambi na mechi za kirafiki ambacho timu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani na Kanada hukitumia kila mwaka kujiandaa kwa msimu. Huanza katikati ya Februari na kumalizika mwishoni mwa Machi, katika majimbo ya Florida na Arizona ambako hali ya hewa ni ya joto wakati miji mingi ya kaskazini bado ina baridi na theluji.

Matokeo ya mechi hizi hayahesabiwi katika msimamo wa ligi. Hata hivyo mashabiki huzifuatilia kwa karibu, hasa kwa ajili ya wachezaji waliofanya vibaya mwaka uliotangulia, waliotoka kuumia, au wanaotafuta nafasi ya mwisho katika kikosi. Kwa mchezaji wa namna hiyo wiki sita za kambi zinaweza kuamua kama ataendelea na kazi yake au la. Kwa shabiki ni wakati wa kutumaini kwamba mwaka huu mambo yatakuwa tofauti.

Historia

Desturi ya timu kwenda kusini kabla ya msimu ilianza katika karne ya 19. Mwaka 1886 timu ya Chicago White Stockings ilipiga kambi Hot Springs, Arkansas, mji wenye chemchemi za maji ya moto, ili wachezaji wapunguze uzito na kurudisha nguvu baada ya majira ya baridi. Timu nyingine ziliiga, na katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 kambi nyingi zilihamia Florida.

Arizona ilipata nafasi yake mwaka 1947, wakati Cleveland Indians walipopiga kambi Tucson na New York Giants Phoenix. Mwaka mmoja kabla, tarehe 17 Machi 1946, Jackie Robinson alicheza mechi ya maandalizi huko Daytona Beach, Florida, akiwa na timu ya Montreal Royals iliyokuwa chini ya Brooklyn Dodgers. Miji mingine ya Florida ilikataa Mtu Mweusi kucheza pamoja na Wazungu. Mwaka 1947 Robinson aliingia Ligi Kuu na kuvunja ubaguzi uliodumu humo kwa zaidi ya miaka 60. Uwanja alikocheza siku ile leo unaitwa kwa jina lake.

Kambi zimewahi kukatizwa pia. Tarehe 12 Machi 2020 mechi zote zilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na msimu ukaanza Julai mwaka huo badala ya Machi.

Ligi mbili za mazoezi

Timu 15 hufanya mazoezi Florida katika kundi linaloitwa Ligi ya Balungi, kutokana na tunda linalolimwa kwa wingi katika jimbo hilo. Timu nyingine 15 huenda Arizona katika Ligi ya Kaktasi, iliyopewa jina la mmea wa miiba unaoota jangwani. Kambi zote za Arizona zimo katika eneo la mji wa Phoenix, hivyo timu husafiri kwa basi muda mfupi tu kwenda kukutana. Florida umbali kati ya kambi na kambi ni mkubwa zaidi.

Viwanja vya mazoezi ni vidogo kuliko vya msimu. Mashabiki hukaa karibu na wachezaji, huzungumza nao kwenye uzio na kuomba saini zao. Wengi hupanga likizo ya kila mwaka kwa ajili ya safari hiyo.

Utaratibu wa kambi

Wa kwanza kufika ni warushaji na wadakaji. Mrushaji humtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mdakaji huupokea nyuma ya mpigaji huyo. Warushaji huhitaji muda mrefu zaidi kuzoesha mkono. Wachezaji wengine hufika siku chache baadaye, na mechi huanza mwishoni mwa Februari. Kila timu hucheza takriban mechi 30.

Kambi huanza na wachezaji zaidi ya 50, lakini kikosi cha kuanzia msimu kina nafasi 26. Waliopo kambini wako katika hali tofauti:

- Wachezaji wenye nafasi ya hakika, ambao hutumia kambi kujiweka sawa tu.
- Wachezaji walio katika orodha ya watu 40 ya timu, ambao wanaweza kupandishwa au kushushwa kwenda ligi ndogo.
- Wachezaji walioalikwa bila kuwa katika orodha hiyo. Humu wamo vijana wanaochipukia pamoja na wakongwe walioachwa na timu nyingine na wanaojaribu kurudi.

Kwa kawaida mchezaji wa orodha ya watu 40 anaweza kushushwa kwenda ligi ndogo katika misimu mitatu. Miaka hiyo ikiisha, timu haiwezi kumshusha bila kwanza kuzipa timu nyingine nafasi ya kumchukua. Kwa hiyo mchezaji anayesuasua ambaye miaka yake imekwisha hufika njia panda mwezi Machi: ama abaki katika kikosi, ama aondoke.

Maslahi ya wachezaji

Katika kambi mchezaji wa Ligi Kuu hapokei mshahara wake, bali posho ya kujikimu. Mshahara huanza kulipwa msimu unapoanza. Tofauti kati ya kubaki na kushushwa ni kubwa. Mwaka 2023 mshahara wa chini kabisa wa mwaka katika Ligi Kuu ulikuwa dola 720,000. Mwaka huohuo kiwango cha chini kwa mchezaji wa kawaida wa daraja la juu la ligi ndogo kilikuwa dola 35,800. Ndiyo maana mechi ambayo haina maana yoyote katika msimamo inaweza kuwa na maana kubwa kwa mtu mmoja aliye uwanjani.

Hofu ya kuachwa imeelezwa na Jim Bouton katika kitabu chake Ball Four cha mwaka 1970. Bouton alikuwa ameshinda mechi 21 akiwa mrushaji wa New York Yankees mwaka 1963. Mkono wake ukapoteza nguvu, na mwaka 1969 alikuwa kambini Arizona na timu mpya ya Seattle Pilots, akitafuta nafasi kwa kutegemea mrusho wa polepole unaoyumba hewani.

Matumaini ya mashabiki

Mwezi Machi timu zote ziko sawa: hakuna iliyoshinda wala iliyoshindwa. Shabiki wa timu iliyoshika mkia ana haki ya kutumaini sawa na shabiki wa bingwa. Mashabiki wa Boston Red Sox walisubiri ubingwa kuanzia 1918 hadi 2004, na wa Chicago Cubs kuanzia 1908 hadi 2016. Katika miaka hiyo yote kila kambi ilileta matumaini mapya.

Tumaini hilo mara nyingi huelekezwa kwa mtu fulani. Shabiki husikia kwamba mpigaji aliyeshindwa mwaka jana amepunguza uzito, amebadilisha namna ya kushika kigongo, au amepona bega. Akipiga vizuri wiki mbili, watu husema amerudi. Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi, lakini katika besiboli asubuhi ya Machi imewadanganya wengi.

Kwa nini takwimu za Machi hazitoshi

Sababu ya kwanza ni uchache wa majaribio. Wastani wa mapigo hupatikana kwa kugawa idadi ya mapigo halali kwa idadi ya majaribio. Mpigaji mwenye majaribio 50 kambini akipata mapigo 15, wastani wake ni 0.300, kiwango cha mchezaji bora. Akipata 12, wastani ni 0.240, kiwango cha mchezaji anayeweza kupoteza nafasi. Tofauti ni mapigo matatu tu, ambayo yanaweza kuletwa na upepo au mpira uliodunda vibaya. Katika msimu wa mechi 162 mchezaji wa kudumu hupata majaribio 500 au zaidi. Hapo mapigo 150 ni wastani wa 0.300, na mapigo 147 ni 0.294. Tofauti ileile ya mapigo matatu karibu haionekani.

Sababu ya pili ni wapinzani. Katika nusu ya pili ya mechi za kambi nyota hupumzishwa, na nafasi zao huchukuliwa na vijana wa ligi ndogo. Mpigaji anaweza kuonekana hodari kwa sababu warushaji waliomkabili si wa Ligi Kuu.

Sababu ya tatu ni lengo. Mrushaji mzoefu anaweza kutumia mechi nzima kujaribu mrusho mpya bila kujali kama unapigwa. Sababu ya nne ni mazingira: hewa kavu ya Arizona huufanya mpira kuruka mbali zaidi.

Kwa hiyo makocha hutazama mambo mengine kuliko wastani: kasi ya mpira wa mrushaji aliyetoka kuumia, uwezo wake wa kuuelekeza anakotaka, na kama mpigaji anaacha mipira mibaya ipite.

Mifano

Chris Davis wa Baltimore Orioles aliongoza Ligi Kuu mwaka 2013 kwa mapigo 53 ya kutoa mpira nje ya uwanja, na tena mwaka 2015 kwa mapigo 47. Mwaka 2016 alipewa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161. Uwezo wake ukashuka. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 0.168, na kati ya Septemba mwaka huo na Aprili 2019 alifanya majaribio 54 mfululizo bila pigo halali hata moja, rekodi kwa mchezaji asiye mrushaji. Mashabiki wa nyumbani walimzomea. Katika kambi ya mwaka 2020 huko Sarasota, Florida, alipata mapigo 7 katika majaribio 15, matatu kati yake yakitoka nje ya uwanja, na matumaini yakafufuka. Kisha kambi ikasimamishwa. Msimu ulipoanza alipata mapigo 6 katika majaribio 52. Alitangaza kustaafu Agosti 2021.

Jackie Bradley Jr. wa Boston Red Sox alikuwa na wastani wa 0.419 kambini mwaka 2013, na mashabiki walidai apewe nafasi mara moja. Alipewa, lakini katika mechi 37 za msimu huo wastani wake ulikuwa 0.189. Habari yake haikuishia hapo. Alirudi akawa mlinzi hodari wa uwanja wa nyuma, na mwaka 2018 alichaguliwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Marekani.

Albert Pujols ni mfano wa matumaini yaliyotimia. Alichaguliwa na St. Louis Cardinals mwaka 1999 katika raundi ya 13, baada ya wachezaji wengine 401. Mwaka 2001 alifika kambini akiwa na msimu mmoja tu wa ligi ndogo. Alipiga vizuri, mkongwe Bobby Bonilla akaumia, naye akapata nafasi. Mwaka huo wastani wake ulikuwa 0.329 na alitajwa mchezaji bora chipukizi. Alimaliza kazi yake mwaka 2022 akiwa na mapigo 703 ya nje ya uwanja.

Steve Blass wa Pittsburgh Pirates alishinda mechi mbili za Mfululizo wa Dunia wa mwaka 1971, na mechi 19 mwaka 1972. Mwaka uliofuata alipoteza ghafla uwezo wa kuuelekeza mpira, ingawa hakuwa na jeraha lolote. Alijaribu tena kambi baada ya kambi, hadi alipoacha mchezo katika majira ya kuchipua ya mwaka 1975. Tangu hapo mrushaji anayepatwa na hali hiyo husemwa kuwa ana ugonjwa wa Steve Blass.

Rick Ankiel wa St. Louis Cardinals alipatwa na hali hiyo katika mechi za mtoano za mwaka 2000, akiwa na miaka 21. Katika kambi ya Machi 2005 alitangaza kwamba hatarusha tena mpira, bali atajifunza kuwa mpigaji na mlinzi wa uwanja wa nyuma. Alirudi Ligi Kuu tarehe 9 Agosti 2007, na katika mechi hiyo ya kwanza alipiga mpira nje ya uwanja.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alisifiwa kwa ulinzi, lakini upigaji wake ulikuwa dhaifu, na kwa miaka mingi alianza msimu katika ligi ndogo. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza Ligi Kuu, na katika jaribio lake la kwanza alipata pigo halali dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Mwaka huo alikuwa ameshaachwa nje ya kikosi kilichoanza msimu, na aliitwa wiki chache tu baadaye.

Mwisho wa kambi

Katika siku za mwisho za Machi meneja huwaita wachezaji mmoja mmoja ofisini na kuwaeleza uamuzi. Wanaobaki husafiri na timu kwenda kufungua msimu. Wanaoshushwa huendelea na mazoezi katika viwanja vya pembeni vya kambi hiyohiyo, pamoja na vijana wa ligi ndogo, wakisubiri msimu wao na nafasi ya kuitwa mwenzao akiumia. Walioachwa kabisa hutafuta timu nyingine, huenda kucheza katika nchi nyingine kama Japani, Korea Kusini au Mexico, au huacha mchezo.