Urari wa Mashapo

Urari wa mashapo ni hesabu ya mchanga, tope na changarawe zinazoingia katika kipande cha pwani zikilinganishwa na zinazotoka. Kinachoingia kikizidi, ufuo husogea baharini. Kinachotoka kikizidi, bahari hula nchi kavu. Shapo ni kile kinachotuama chini ya maji, kiwe chembe za mchanga au tope. Bajeti ya mashapo nayo hueleweka, ila bajeti hupangwa kabla ya matumizi, na bahari haipangi. Urari hutaja tu salio.

Huko Malindi, katika pwani ya Kenya, salio hilo huonekana kwa macho. Mto Athi huanzia nyanda za juu za kati; ukishaungana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki, ukamwagika kati ya Malindi na Mambrui. Wakati wa mvua maji yake huwa mekundu. Wingi huo wa udongo si wa tangu jadi. Matumbawe ya Malindi huota tabaka mwaka baada ya mwaka, na bariamu iliyonaswa ndani yake, ambayo huja na udongo wa mto, inaonyesha mmomonyoko wa bara ukipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, matumizi ya ardhi yalipobadilika chini ya ukoloni.

Udongo ukifika baharini, pepo ndizo zinazougawa. Kusi huusukuma kaskazini, upande wa Mambrui, ambako upepo umerundika vilima vya mchanga. Masika huangukia msimu huo. Mvua za vuli hukaribiana na kaskazi, na hapo tope hugeukia Ghuba ya Malindi na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kwa hiyo neema ya ufuo wa mjini, ambao umepanuka, ni hasara kwa matumbawe yanayokosa mwanga.

Watamu, kusini kidogo, haina mto mkubwa. Mchanga wa Malindi ni wa kahawia na humetameta. Wa Watamu ni mweupe, kwa kuwa ni makombe na matumbawe yaliyosagika, mengine yakisagwa na meno ya pono. Matumbawe yakifa, kama mengi yalivyokufa kwa joto la mwaka 1998, kiwanda cha mchanga hudhoofika. Anayejenga ukuta wa zege kuokoa kiwanja chake huongeza tatizo: wimbi hurudi kwa nguvu, huchimba mchanga chini ya ukuta, na jirani hupungukiwa.

Penye miamba na mikoko mambo huenda polepole. Majabali ya Watamu, matumbawe ya kale yaliyoachwa juu ya maji, huliwa chini hadi yakafanana na uyoga. Mikoko ya Hori ya Mida, karibu na Watamu, hushika tope, ikikatwa huliachia.

Bwawa la Thwake, linalojengwa kwenye Athi huko Makueni, litazuia sehemu ya mashapo kabla hayajafika Sabaki. Matumbawe yatapata nafuu. Ufuo wa Malindi, uliozoea kupokea, utapokea kidogo zaidi.