Baraza Lisilo na Mipaka: Waandishi wa Afrika Wakati wa Maradhi ya Korona

Tangu zamani elimu ya maneno haikuenezwa na vitabu peke yake. Mtunzi hutaka msikilizaji, na msikilizaji naye hutaka kumwona mtunzi, aisikie sauti yake, na kumwuliza maana ya aliyoyasema. Ndiyo maana penye watu hapakosi baraza. Basi likitokea jambo la kuwazuia watu wasikutane, hasara yake haiishii sokoni wala shuleni. Hufika hata kwenye kalamu.

Jambo hilo lilitokea mwaka 2020. Maradhi ya Korona yalitangazwa katika Kongo tarehe 10 Machi, Kenya tarehe 13, Rwanda tarehe 14, Uganda tarehe 21, na Burundi siku ya mwisho ya mwezi huo huo. Katika nchi nyingi shule zilifungwa, milango ya misikiti na makanisa ikafungwa, mipaka ikazibwa, na ndege za abiria zikaacha kuruka. Nchini Kenya, kuanzia tarehe 27 Machi, ilikatazwa mtu kutoka nje tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Jirani hakuweza tena kumtembelea jirani baada ya magharibi.

Waandishi walipatwa kama watu wengine, tena mapema. Maonyesho ya Vitabu ya London, yaliyokuwa yafunguliwe tarehe 10 Machi, yalifutwa tarehe 4. Mikutano mingine ikafuata. Yafaa ikumbukwe kwamba kwa mwandishi wa Afrika mikutano hii si anasa. Vitabu vyake haviendi mbali: mara nyingi kitabu kilichopigwa chapa Nairobi hakipatikani Kinshasa, na cha Kampala hakipatikani Bujumbura. Mwandishi mwenyewe ndiye huwa duka lake. Hufunga safari, husoma mbele ya watu, na huuza kwa mkono wake. Safari zikikatika, kitabu nacho hunyamaza.

Wakati huo alikuwapo Nairobi mwandishi mmoja, Bibi Zukiswa Wanner. Alizaliwa Lusaka, Zambia, mwaka 1976. Baba yake ni mtu wa Afrika ya Kusini na mama yake wa Zimbabwe. Alikwisha kuandika vitabu kadhaa, miongoni mwao The Madams cha mwaka 2006, na London Cape Town Joburg cha mwaka 2014. Alipoona milango yote inafungwa, hakukaa kuomboleza. Tarehe 23 Machi 2020, siku kumi tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, alifungua tamasha la waandishi lisilokuwa na ukumbi wala viti. Alilipa jina la Afrolit Sans Frontieres, na maana ya maneno hayo ya Kifaransa ni “bila mipaka”.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mwandishi alikaa nyumbani kwake, akaiweka simu mbele ya uso wake, akasoma sehemu ya kitabu chake, kisha akajibu maswali. Wasikilizaji walimfuata kwa njia ya Facebook na Instagram, kila mtu mahali alipo, bila kulipa kiingilio. Katika mara ya kwanza walisoma waandishi 16 kutoka nchi 10. Tamasha likarudiwa tena na tena mwaka huo.

Hapana shaka jina lile lilichaguliwa kwa makusudi. Mipaka ya Afrika si ile ya askari na vizuizi vya njiani tu. Upo mpaka mwingine ulioachwa na wakoloni: hawa wasome Kiingereza, hawa Kifaransa, na hawa Kireno. Ndugu wawili wanaokaa kando ya ziwa moja huweza kuishi maisha yao yote bila kulijua hata jina moja la mwandishi wa ng'ambo ya pili. Katika baraza hili waandishi wa lugha hizo walikaa safu moja. Ni ajabu ya kuzingatia: mwaka ambao mipaka ya ardhi ilifungwa kuliko wakati wowote, mpaka wa lugha ulilegezwa kidogo.

Wengine nao walishika njia kama hiyo. Tamasha la Hay la nchi ya Wales, lililoanzishwa mwaka 1988, lilifanywa kwa intaneti mwezi wa Mei 2020. Tamasha la Ake la Nigeria, lililoanza mwaka 2013, lilifanya vivyo hivyo mwezi wa Oktoba.

Lakini historia ya kweli husema faida na hasara pamoja. Intaneti si maji ya kisima cha kijiji. Anayenunua kipimo kidogo cha intaneti kwa fedha ya unga hawezi kusikiliza saa nzima. Mzee asiye na simu ya kisasa alibaki nje ya mlango, na mtoto wa shamba pasipo umeme vile vile. Muuza vitabu hakupata wateja wa kupita. Naye msomaji, akimaliza kusoma, hakusikia kicheko wala kilio; alibaki akiutazama uso wake mwenyewe katika kioo.

Tarehe 28 Agosti 2020 Bibi Wanner alitunukiwa Nishani ya Goethe ya Ujerumani, na sherehe yenyewe, kama tamasha lake, ilifanywa kwa intaneti. Mwaka 2024 aliirudisha nishani hiyo, kwa kupinga msimamo wa Ujerumani katika vita vya Gaza. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu; lakini hakuna awezaye kusema kwamba aliipenda heshima kuliko neno lake.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari imekwisha. Kabla ya hapo watu walikwisha kurudi kukutana uso kwa uso, na ndivyo ipasavyo, kwani simu haishiki mkono wa mtu. Hata hivyo chama chochote cha elimu, kikubwa au kidogo, kina la kujifunza hapa. Jumba laweza kufungwa kwa siku moja, na fedha zaweza kukatika. Kinachobaki ni watu wenye nia ya kusomeana na kusikilizana. Chama chenye watu hao kina baraza, hata kikikosa paa. Na kisichokuwa nao hakina kitu, ijapokuwa kina jumba la ghorofa.