Daraja la Kale la London

Msomaji, daraja ni kitu ambacho watu hukipita kila siku pasipo kukitazama. Lakini daraja la kale la London lastahili kutazamwa, kwa maana habari zake zatuonyesha kuwa kujenga ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza.

Hapo zamani mto Thames ulivukwa kwa daraja la miti, ambalo liliharibika mara kwa mara. Katika mwaka wa 1176, padre mmoja aliyeitwa Peter wa Colechurch alianza kujenga la mawe. Fikiri ugumu wa shughuli hiyo! Mto ule hujaa na kupwa kama bahari, na chini yake ni matope. Mafundi walikita magogo katika matope hayo, wakashindilia mawe na kifusi, kisha wakasimamisha nguzo za mawe juu yake. Kazi ilichukua miaka 33. Peter alifariki mwaka wa 1205 kabla haijaisha, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa juu ya daraja lile lile.

Lilipokamilika mwaka wa 1209, lilikuwa na matao 19 yenye ncha, na nafasi moja zaidi iliyowekewa daraja la mbao la kuinuliwa, ili merikebu zipite na adui azuiwe. Juu yake zilijengwa nyumba na maduka, na kodi zake zilisaidia kulipia matengenezo.

Hata hivyo, daraja lilikuwa na kasoro. Nguzo zake zilikuwa nene mno, zikaziba sehemu kubwa ya mto. Maji yaliyobanwa yalipita katika matao kwa kishindo, hasa wakati wa kupwa, na mashua nyingi zilipinduka. Abiria wenye hadhari walishuka upande mmoja, wakaenda kwa miguu, wakapanda tena upande wa pili.

Lakini daraja lilikuwa na hatari nyingine, nayo ilitoka kwa wakubwa. Mfalme Henry wa Tatu alimpa mkewe, Malkia Eleanor, mapato ya daraja. Wenyeji wa London wakalalamika kwamba fedha zinachukuliwa na matengenezo yanaachwa. Hawakusikilizwa kwa wakati. Katika baridi kali ya mwaka wa 1281 na 1282, barafu ya mto iliyasonga mawe yaliyokwisha kulegea, na matao matano yakaanguka. Hapo ndipo watu walipoona kwa macho maana ya maneno ya wazee wetu: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tangu hapo daraja lilitengenezwa tena na tena, likadumu zaidi ya miaka 600. Nyumba zake ziliondolewa katika karne ya kumi na nane, nalo likabomolewa baada ya daraja jipya kufunguliwa mwaka wa 1831. Daraja lenyewe halipo tena, lakini mfuko uliotokana na kodi na sadaka zake ungalipo, nao watunza madaraja matano ya mto Thames.

Basi, msomaji, uvukapo daraja lolote, usiulize tu ni nani aliyelijenga. Uliza pia ni nani alitunzaye, na fedha zake zaenda wapi.