Majasusi wawili wasio na majina: Mombasa, usiku wa Aprili 10, 1498

Nimepotea kwa wiki kadhaa kwa sababu ya programu ya duka moja la dawa za mifugo, ambayo kila nikiziba hitilafu moja zinazaliwa mbili. Leo nataka kupumzika na kompyuta. Nitaandika historia, ingawa mwishoni kompyuta itaingia tu, mnanijua.

Juzi vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuandika programu waliniwekea filamu. Ni ile hadithi ya siku zote: jasusi amejipenyeza ndani ya chombo cha kivita cha adui, huko kati ya nyota, anakula nao na kulala nao, halafu anagunduliwa. Anafungwa mikono, anaulizwa maswali. Ilipokwisha kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kitu kama hiki kimewahi kutokea kwetu?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kimetokea, na chombo chenyewe kilitia nanga Mombasa.

Hapa Isiolo hatuna bahari, tuna Ewaso Nyiro tu, kwa hiyo nivumilieni nikieleza mambo ya merikebu.

Tuanze na chombo. Watu wa Mombasa wa mwaka 1498 hawakuwa washamba wa bahari. Vyombo vya Gujarati, Uarabuni na Uajemi vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, mwaka baada ya mwaka. Lakini merikebu tatu za Vasco da Gama, yaani São Gabriel, São Rafael na Berrio, zilikuwa kitu kingine. Ziliondoka Lisbon Julai 8, 1497, zikazunguka ncha ya kusini ya Afrika, njia ambayo wafanyabiashara wa pwani hawakuizoea. Mbao za vyombo vya pwani zilishonwa kwa kamba. Za hawa zilipigiliwa misumari. Na ndani yake mlikuwa na mizinga. Kwa mtu aliyesimama ufukweni, chombo hicho kilitoka nyota nyingine.

Karibu yote tunayoyajua kuhusu siku zile yanatoka katika kitabu cha safari kilichoandikwa na mmoja wa mabaharia wenyewe. Jina lake hakuliandika, ingawa wengi wanadhani ni Álvaro Velho. Nakala ya mkono ilikaa Ureno miaka mingi, ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1838, na E. G. Ravenstein akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1898. Kumbukeni kitabu hicho, nitakirudia.

Sasa, swali la kwanza: nani alikuwa jasusi?

Machi 1498 Wareno walifika kisiwa cha Msumbiji. Mtawala wa pale alidhani ni Waturuki, au Waislamu wa nchi ya mbali, na akaomba aonyeshwe vitabu vya sheria yao na pinde za kwao. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba urafiki ulidumu kwa muda ule ambao mtawala aliamini hivyo, na ukageuka alipojua kuwa ni Wakristo. Kwa hiyo watu wa kwanza kufaidika na utambulisho usio wao katika kisa hiki ni wageni. Mambo yalipoharibika walipiga mji kwa mizinga, wakaondoka na marubani wawili ambao walikuwa wamelipwa mithkali 30 za dhahabu kila mmoja.

Njiani kuelekea kaskazini, rubani mmoja alisema visiwa fulani ni bara. Alikosea, au alidanganya. Akachapwa viboko, na kisiwa hicho Wareno wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa. Yaani kosa la mtu mmoja likawa jina kwenye ramani. Rubani alijifunza siku hiyo bei ya jibu baya.

Walifika Mombasa Jumamosi, Aprili 7. Hawakuingia bandarini, walitia nanga nje. Usiku wa manane likaja dau lenye watu wapatao 100 wenye silaha. Da Gama akaruhusu wanne au watano tu wapande. Kesho yake mfalme wa Mombasa akapeleka kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na pete kama dhamana ya amani. Da Gama naye akatuma watu wawili mjini. Walifika mbele ya mfalme, wakazungushwa mjini, wakarudi na mfano wa karafuu, pilipili na mtama. Kwa Wareno hao walikuwa wajumbe. Fikiria kama Mombasa wangepeleka watu wawili kukagua merikebu namna hiyo, wangeitwaje?

Jumanne, Aprili 10, Wareno waling'oa nanga waingie bandarini. Merikebu ya da Gama ikakataa kugeuka, ikagonga iliyokuwa nyuma yake, nanga zikatupwa tena. Katika fujo hiyo wale marubani wawili wa Msumbiji wakajirusha majini, wakaokotwa na dau la watu wa Mombasa. Wao wakaponea hapo.

Lakini melini walibaki Waislamu wengine wawili. Wafasiri wa kitabu wanadhani nao walitoka Msumbiji. Majina yao hayakuandikwa. Usiku ule da Gama aliamuru wamwagiwe matone ya mafuta yanayochemka juu ya ngozi zao, ili waseme ni hila gani inapangwa. Wakasema: amri imetolewa mkamatwe mara mtakapoingia bandarini, kulipiza mliyoyafanya Msumbiji. Majibu hayo hayakutosha. Mafuta yakaletwa mara ya pili, na mmoja, mikono ikiwa imefungwa, akajitupa baharini. Wa pili akajitupa zamu ya alfajiri. Kitabu hakisemi kama walifika ufukweni.

Kati ya kuruka kwa yule wa kwanza na wa pili, kama saa sita ya usiku, mitumbwi miwili ilikaribia kimya kimya na watu wakaingia majini kuogelea. Wengine walikwenda kwa Berrio wakaanza kukata amari, ile kamba nene ya nanga. Walinzi waliona maji yanatikisika wakadhani ni jodari. Walipotambua kuwa ni watu wakapiga kelele kuziamsha merikebu nyingine. Kwenye São Rafael waogeleaji walikuwa wameshashika kamba za mlingoti wa galmi, ule wa nyuma. Walipoona wamegunduliwa waliteremka bila sauti wakapotea gizani. Ijumaa, Aprili 13, Wareno wakaondoka kwenda Malindi, ambako mtawala, aliyekuwa hasimu wa Mombasa, aliwapa rubani wa kuwavusha hadi India.

Mara nyingi kisa hiki kinaelezwa hivi: majasusi walikuwamo, wakagunduliwa, wakakiri, na shambulio la usiku likathibitisha. Kimefungwa. Nami niliamini hivyo hadi nilipokumbuka jambo langu mwenyewe.

Nikiwa kijana nilisafiri na basi kutoka huku kaskazini, nimebeba kasha la kompyuta kuukuu, nyaya zikining'inia. Kwenye kizuizi kimoja barabarani niliteremshwa. "Hii ni nini?" Kompyuta. "Nani amekutuma?" Hakuna. Swali lile lile tena, sauti imepanda. Hakuna, mzee, ni yangu. Abiria wananitazama, dereva anapiga honi. Mara ya tatu nikasema ni ya mjomba wangu, mwalimu, amenituma nikaitengeneze. Sina mjomba mwalimu. Uso wa yule mwulizaji ukalainika, akaniambia, "Sasa si ungesema tangu mwanzo?" Nikarudi kwenye basi.

Sikumwagiwa hata tone la maji moto, sifananishi. Lakini nilijifunza kitu ambacho wazee wetu walikijua tangu ukoloni, wakati wilaya za mpakani huku kaskazini zilipofungwa kwa sheria na mtu kuhitaji kibali ili apite, na wakakijua zaidi katika vita vya 1963 hadi 1967, tulipoangaliwa wote kama watu waliotumwa. Kitu chenyewe ni hiki: anayeuliza "nani amekutuma" ameshaamua kwamba umetumwa. Ukweli hauna mahali pa kuingia. Unachotafuta wewe ni jibu litakalomnyamazisha.

Sasa kompyuta inaingia, niliwaambia. Ukimlazimisha mtu akupe neno la siri, ni uovu, lakini utajua papo hapo kama amesema kweli: linafungua au halifungui. Ukimlazimisha akwambie nia iliyo moyoni mwa mfalme aliye ng'ambo ya maji, utaijaribu wapi? Wale wawili walikuwa melini. Kitabu hakionyeshi kwamba waliwahi kukanyaga Mombasa au kuonana na mfalme. Wangepata wapi habari ya amri yake? Labda kutoka kwa marubani, labda kwa wageni waliopanda na kushuka. Au labda, kama mimi, walisema kile ambacho mwulizaji alikuwa amekileta mwenyewe pamoja na mafuta.

Na shambulio la usiku? Njama inawezekana kabisa ilikuwapo, sitaki kuwageuza watu wa Mombasa malaika. Lakini angalia mfuatano wa matukio, kama tunavyofanya tukisoma logi ya seva iliyoanguka. Kabla ya mafuta, marubani wawili walishaokolewa na dau la Mombasa. Mmoja wa wenzao kama sio yeye mwenyewe alikuwa na alama za viboko. Walikuwa wameiona mizinga ikipiga mji wao. Unadhani walisimulia nini mjini jioni ile? Tukio la saa sita ya usiku linaweza kuwa ushahidi wa njama ya zamani. Linaweza pia kuwa jibu la habari zilizofika siku ile ile. Logi tuliyonayo haiwezi kututenganishia hayo mawili, kwa sababu ni ya upande mmoja. Mashine ya upande wa pili haikuacha faili.

Hata hivyo logi hiyo ina mstari mmoja ninaoupenda. Mwandishi alitaka kuonyesha hila ya Waislamu. Akaandika walichosema, pamoja na sababu: kulipiza mliyoyafanya Msumbiji. Sababu ile haikumsaidia da Gama hata kidogo. Ingekuwa rahisi kuiacha. Lakini imo, kwa mkono wa baharia wao, imechapwa na kutafsiriwa, na sisi tunaisoma. Kama lipo neno katika ungamo lile ninaloliamini, ni hilo, kwa kuwa ndilo ambalo mwulizaji hakulihitaji.

Agosti 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa la merikebu akaiteka Mombasa na kuichoma. Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa mwaka 1593. Malindi bado upo mnara wa Vasco da Gama, watalii wanapiga picha. Wale wawili hawana hata jina, acha mnara. Kwa hiyo nikiwaita majasusi kwenye kichwa cha makala hii, jueni ni neno la aliyeshika mafuta. Mimi nimeliazima tu.

Nilipomaliza kumsimulia yule kijana aliniuliza, "Kwa hiyo walikuwa majasusi au hawakuwa?" Nikamwambia aangalie kwanza nani aliandika logi. Hakuridhika. Vizuri, asiridhike.

Kama una mzee wa Mombasa au wa kisiwa cha Msumbiji ambaye kwao usiku ule unasimuliwa kwa namna nyingine, tafadhali niandikie. Mimi narudi kwenye dawa za mifugo. Tutaonana.