Miaka Ishirini ya Kujulikana

Tunapozungumza juu ya Wakristo walioishi kati ya watu wasioipenda imani yao, mara nyingi tunawataja mashahidi waliouawa. Ni haki kuwakumbuka. Lakini historia ya kanisa katika nchi ya Bonde, kati ya pwani ya Tanga na Pangani na milima ya Usambara, inatuonyesha wengine: waliokaa kwa utulivu, wakafanya kazi, hata jirani zao wakawajua.

Wamisionari wa UMCA walianza kazi Magila mwaka 1868. Hawakuwa na askari. Waliishi kwa ruhusa ya wenye nchi, wakafundisha, wakatibu wagonjwa, wakajifunza lugha. Baadhi ya Wakristo wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani wa Unguja alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Pwani ilikuwa ya Waislamu, na huko bara wengi walishika mila za wazee. Aliyebatizwa akaacha matambiko alionekana kama aliyewakana ndugu zake. Jibu lake halikuwa mabishano. Alilima, alizika wafu pamoja na wenzake, alikwenda kusali.

Kisha likaja jaribu. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kutawala miji ya pwani kwa mkataba na Sultani. Pale Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, aliwadharau wenyeji na hata msikiti wao hakuuheshimu. Watu wakashika silaha, na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa mtoni Pangani, akawa kiongozi wao. Hasira ile ilikuwa na sababu, nasi Wakristo hatuna budi kukiri hivyo.

Katika siku hizo Askofu Charles Smythies alishuka Pangani, akitaka kuwafikia watu wake Magila. Umati ulimdhani Mjerumani, ukataka kumwua. Aliyemkinga ni Abushiri mwenyewe. Kiongozi Mwislamu, katikati ya vita, aliweza kumtenga mtu wa Magila na watu wa kampuni.

Tulinganishe na Pugu, karibu na Dar es Salaam. Januari 1889 misheni ya Wabenedikto ilishambuliwa na baadhi ya watawa wakauawa. Imani yao haikuwa pungufu. Ila walikuwa wametoka Ujerumani, na walikuwa wamefika mwaka mmoja tu kabla. Hawakupata muda wa kujulikana. Magila ilikuwa na miaka ishirini.

Jaribu la pili lilitoka upande usiotazamiwa. Vita ilipoanza mwaka 1914, serikali ya Kijerumani iliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Mapadre na walimu Waafrika wakabaki na kazi. Baadaye wao nao walishutumiwa kuwa wapelelezi. Wengi walifungwa minyororo, wakapelekwa mbali hadi Tabora, mji uliotekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Mara hii waliowatesa walikuwa watu waliobatizwa kama wao. Lakini kanisa la Bonde halikufa. Magila ikaitwa Msalabani, na hadi leo watu husali pale.

Basi tusiseme upesi kwamba uadui kwa imani hutoka kwa watu wa dini nyingine. Uadui mwingi wa siku zile ulitokana na hofu kwamba msalaba huletwa pamoja na bendera. Hofu hiyo haikuondolewa kwa mahubiri makali. Iliondolewa polepole, shuleni, penye wagonjwa na msibani. Nabii Yeremia aliwaandikia wafungwa wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji waliomo. Wakristo wa Bonde waliishi hivyo.

Sisi tunaoishi leo Muheza, Tanga au Pangani, mlango kwa mlango na ndugu Waislamu, tujiulize: siku ya ghasia ikija, je, jirani ataweza kusema, "Huyu namjua"? Jibu la swali hilo tunaliandaa sasa, kabla ya ghasia yoyote.