Kitabu Kisichopita Forodhani: Nyenzo za Mtandaoni za Kusoma katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Mtoto wa Malaba upande wa Tororo na mwenzake wa Malaba upande wa Kaunti ya Busia wanaweza kuzungumza Kiteso kile kile nyumbani, kisha asubuhi wakaelekea katika shule zenye mitaala miwili tofauti. Makala haya yanahoji iwapo nyenzo za mtandaoni za kujifunzia kusoma zimeufuta mpaka huo. Tunadai kuwa nyenzo hizo zimepunguza sana gharama ya kuvusha kitabu, ila zimerithi maamuzi ya kilugha yaliyofanywa kabla yake. Mshauri wa sera asiyeifahamu historia hiyo atagawa vifaa na kudhani kwamba amegawa usomaji.

Mpaka na Maandishi

Tarehe 1 Aprili 1902, Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya utawala wa eneo lililokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili. Maandishi nayo yakafuata mkondo huo. Kiteso cha vitabuni kiliegemea lahaja ya Ngora, ilhali Wateso wa kusini, yaani wa Tororo na Busia, wana lahaja yao. Upande wa Kenya, Kamati ya Lugha ya Luyia iliyoanza mapema miaka ya 1940 ilijaribu kuziunganisha lahaja za Kiluhya katika maandishi mamoja. Msamia wa Uganda alibaki nje ya mradi huo, ingawa lugha yake ilikuwa ndani.

Kiswahili kilipata misukosuko ya namna yake. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kipanuliwe katika shule za Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga hadharani. Mwaka 1952 kiliondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa kufundishiwa katika shule za Uganda. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere. Hivyo, utafiti wa Kiswahili ulistawi Kampala wakati mtoto wa Tororo akinyimwa somo lenyewe. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Uganda ilichukua hatua ya kulingana na hiyo Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe cha lazima katika shule za msingi na za sekondari. Pengo la miongo hiyo ndilo linalotarajiwa sasa kuzibwa kwa mtandao.

Rafu Mpya, Mipaka ya Zamani

Nyenzo zenyewe zipo. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale katikati ya miaka ya 1990, na Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kwa msomaji anayeanza, hatua kubwa zaidi ni African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, huku Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwa nchi za majaribio. Hadithi zake zina leseni huria: mwalimu anaweza kuzisoma, kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuzichapa bila kuomba ruhusa. Zinapangwa kwa lugha, hazipangwi kwa nchi. Kwa mara ya kwanza, Kiteso kina rafu isiyouliza pasipoti.

Hata hivyo, jina moja la lugha juu ya rafu linaficha tofauti ya Ngora na Tororo. Mtoto anayejikwaa kwenye neno la lahaja nyingine huonekana hajui kusoma, kumbe hajawahi kulisikia. Leseni huria inatoa dawa, yaani marekebisho ya lahaja, mradi walimu wapewe muda na kibali cha kuyafanya.

Mpaka wa pili ni bei. Julai 2021, Uganda iliweka ushuru wa asilimia 12 kwa data ya intaneti. Sheria ilisamehe data ya huduma za elimu na afya, lakini mzazi anaponunua kifurushi cha kawaida dukani, hakuna kinachotenga hadithi ya mtoto na matumizi mengine. Uzito wa jambo hili ulidhihirika wakati wa korona. Shule za Kenya zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021. Zile za Uganda zilisubiri hadi Januari 2022. Takriban mwaka mzima, mtoto wa upande mmoja aliweza kumtazama jirani yake akienda shuleni.

Hitimisho

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimeonyesha kuwa serikali mbili zinaweza kukagua shehena mara moja badala ya mara mbili. Tunapendekeza busara hiyo ihamishiwe kwenye vitabu. Taasisi za mitaala za nchi hizi mbili zitambue kwa pamoja hadithi za Kiteso na Kisamia. Walimu wa pande zote wahariri matoleo ya lahaja za mpakani. Nazo shule zipewe nakala za kuhifadhi na kuchapa, ili usomaji usitegemee kifurushi cha mzazi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuratibu upande wa Kiswahili. Mpaka wa 1902 ulichorwa bila kumuuliza msemaji wa lugha. Rafu ya mtandaoni isipangwe vivyo hivyo.