Uvundo wa nguo: Kiini chake na jinsi ya kuukomesha

NGUO huweza kufuliwa kwa sabuni nzuri, ikaanikwa na kupigwa pasi, kisha ikaanza kutoa uvundo punde tu mvaaji anapotokwa na jasho. Adha hii huzidi katika msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti, ambapo nguo hukaa kambani siku mbili tatu bila kukauka.

Wengi hudhani dawa yake ni kuongeza sabuni au kutumia vilainisho vya nguo vyenye manukato. La hasha! Manukato hufunika uvundo kwa saa chache, nayo sabuni ikizidi hugeuka kuwa sehemu ya tatizo.

Kiini cha uvundo

Harufu hiyo hutokana na viumbe hai. Jasho, mafuta ya mwili na chembechembe za ngozi husalia ndani ya nyuzi za nguo, hasa taulo, soksi na mavazi ya polista. Bakteria hujilisha kwa mabaki hayo na kuzalisha asidi zenye harufu kali.

Mnamo 2012, watafiti nchini Japani walibainisha kuwa bakteria wa jamii ya Moraxella ndio wahusika wakuu. Bakteria hao hustahimili ukavu. Ndiyo sababu nguo iliyokauka kabisa huanza kunuka tena inapopata unyevu. Maadui wao wakubwa ni joto na dawa za kuua viini.

Wanaofua kwa mikono

Kosa la kwanza ni kuloweka nguo usiku kucha. Maji hupoa, nao bakteria hupata muda wa kuzaana. Nusu saa hadi saa moja hutosha.

Kosa la pili ni kusuuza nguo zote kwa maji yale yale, jambo linaloeleweka pale maji yanaponunuliwa kwa mitungi. Hata hivyo, suuzo la mwisho sharti liwe la maji safi. Maji hayo yanaweza kuhifadhiwa na kutumiwa kulowekea nguo za awamu inayofuata au kupigia deki.

Nguo ambazo tayari zimevunda huhitaji maji ya moto. Taulo na shuka nyeupe za pamba zinaweza kuchemshwa. Nguo za rangi zinazostahimili joto zilowekwe nusu saa katika maji yanayokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango kinachofikiwa takriban kwa kuchanganya maji yaliyochemka na maji baridi kwa vipimo sawa. Ni muhimu kusoma kwanza kitambulisho kilichoshonwa ndani ya vazi, kwani sufu na hariri huharibiwa na joto.

Mashine ya kufulia

Mashine inayonuka huambukiza kila nguo inayoingia ndani yake. Zile zenye mlango wa mbele ndizo huathirika zaidi kwa sababu mpira wa mlangoni huhifadhi maji na uchafu katika mikunjo yake. Kufua kwa maji baridi kila mara hujenga utando wa sabuni na mafuta ndani ya mashine, na koga humea juu yake.

Kuisafisha, mpira huo hupanguswa mkunjo baada ya mkunjo, kijisanduku cha sabuni huchomolewa na kusuguliwa, nacho kichujio cha maji machafu hufunguliwa na kuondolewa nyuzi na taka. Kisha mashine huendeshwa bila nguo kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, ikiwekwa sabuni ya unga. Sabuni nyingi za unga huwa na dawa ya kung'arisha ambayo kwa kawaida haimo katika sabuni za maji.

Utaratibu huu ukirudiwa kila mwezi, gharama ya umeme ni ndogo kuliko ya kununua mashine mpya. Baada ya kila ufuaji, nguo ziondolewe mara moja, na mlango uachwe wazi, almuradi watoto wadogo hawaufikii.

Tahadhari

Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala dawa nyingine yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayodhuru mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha huongeza hatari. Aidha, klorini huchujua rangi za nguo na kuharibu sufu.

Kuanika

Kadiri nguo inavyokauka haraka, ndivyo bakteria wanavyokosa nafasi. Nguo zikamuliwe vyema, ziachiwe nafasi kambani na kugeuzwa ndani nje. Palipo na jua, zianikwe mapema asubuhi na kuanuliwa kabla ya umande wa jioni.

Katika nyumba za ghorofa, kuanika ndani ya chumba cha kulala hujaza hewa unyevu unaoweza kuotesha ukungu kutani, na ukungu huwasumbua wenye pumu. Ni heri kuanika karibu na dirisha lililo wazi na kufua nguo chache kila mara. Sare za shule zilizobaki mbichi zipigwe pasi ya moto hadi zikauke kabisa. Zikikunjwa na kuwekwa kabatini zikiwa na unyevu, kazi yote ya kufua huwa imepotea bure.